Daftari la Mtu wa Barafu

Kwa miaka ishirini na mbili, kazi ya kwanza ya Barafu kila asubuhi ilikuwa kumtungia mkewe uzi kwenye sindano. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mapacha, alikuwa fundi cherehani, na macho yake ya karibu yalichoka mapema. Kwa hiyo kabla mume hajavaa viatu, alisimama dirishani penye mashine, akalamba ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga, na uzi ukapita. Mara moja tu. Hakuwahi kujaribu mara mbili.

"Siku nikikosa," alizoea kusema, "niuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu."

"Nani atakununua, Baba Mapacha? Wewe mifupa mitupu."

Jina la Barafu alipewa hospitalini, alikokuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji. Daktari bingwa wa figo alikuwa na utafiti wake, na utafiti huo ulihitaji barafu. Barafu alimweleza mkewe jambo hilo mezani, akitumia kikombe na leso, mpaka naye akalijua kama anavyojua kukata kola. Ukitaka kutoa uvimbe kwenye figo, lazima kwanza ubane mshipa unaolipelekea damu, la sivyo mgonjwa atamwaga damu yote mezani. Lakini figo lisilopata damu linaanza kufa baada ya nusu saa. Dawa yake ni kulipoza. Unalizungushia barafu, linalala, na likiwa limelala halidai kitu. Daktari alitaka kujua lipozwe mpaka digrii ngapi, na kwa dakika ngapi, ili likiamka liamke zima.

Barafu yenyewe si ya mabonge. Bonge linaunguza nyama kama moto. Inatakiwa iwe laini kama mchanga uliolowa, itokane na maji ya chumvi yaliyo safi kabisa, na ikorogwe kila baada ya dakika kumi inapoganda. Hakuna kitabu kilichomfundisha Barafu hayo. Alijifunza kwa majaribio kwenye friji ya nyumbani, iliyojaa chupa zake mpaka mlango ukawa haufungi.

"Friji kubwa namna hii," Mama Mapacha alilalamika, "na maziwa yangu yanalala nje kama mlinzi."

Kazi yake ya pili ilikuwa kusoma kipimajoto. Sindano nyembamba ilichomwa kwenye figo, waya ukaenda kwenye kisahani chenye mshale, na Barafu akasimama mbele ya kisahani hicho. Daktari hakuinua macho hata kidogo. Alingoja kusikia. Utaratibu wa chumba kile ulikuwa kwamba mwenye kusoma anaitaja namba mara tatu, kwa sauti, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. "Ishirini. Ishirini. Ishirini." Hapo barafu inaondolewa na kisu kinaingia. Kisha Barafu aliandika namba hiyo kwenye daftari lake la jalada gumu, akatia sahihi, na jioni karani wa utafiti akainakili. Nyumbani aliitaja saa hivyo hivyo, mara tatu, mpaka mapacha wake wawili wa kike walipokuwa wadogo wakamwigiza na kuangua kicheko.

Asubuhi aliyokosa tundu la sindano, Mama Mapacha alidhani anatania. Uzi ulipita pembeni. Akarudia, ukapita pembeni tena. Akafumba jicho la kulia, na uzi ukaingia.

"Mwanga mbaya leo," alisema, akaenda kuvaa viatu.

Mwanga haukuwa mbaya. Tangu siku hiyo mkewe alianza kumwangalia. Fundi cherehani anajua bega la kushoto na la kulia yasipolingana, hata kwa upana wa ukucha. Jicho la kulia la mumewe lilikuwa limesogea mbele. Kidogo tu, kama mtu anayechungulia. Alimwambia aende kwa daktari. Si anafanya kazi humo humo? Mume akasema ataenda wagonjwa arobaini wa utafiti wakitimia. Walikuwa wamefika ishirini na saba. Akijulikana haoni vizuri ataondolewa kwenye kipimajoto, na nani atakisoma? Yule kijana wa zamu ya pili, anayesoma ujumbe wa simu mpaka chooni?

Kwa hiyo alijificha. Akitazama kulia aliona kila kitu viwili viwili: taa mbili, Sista wawili, mishale miwili. Akifumba jicho lile bovu, mshale ulibaki mmoja. Basi alifumba kwa kasi, akasoma, akafumbua. Na hapo ndipo Sista mkuu wa chumba cha upasuaji, mama wa maneno mengi na moyo mweupe, alipomkamata.

"Haa! Barafu, unanikonyeza?"

Chumba kizima kikacheka nyuma ya barakoa.

"Hapana, Sista, ni vumbi."

"Vumbi chumba cha upasuaji? Sema mengine. Mzee mzima, mtu wa kusali! Nitamwambia Mama Mapacha akushonee kitambaa cha jicho."

Ulikuwa utani, na mwingine angeurudisha. Barafu hakuwa mtu wa kuurudisha. Alikuwa na haya, alikuwa mtu wa ibada asubuhi na jioni, na neno "kukonyeza" lilimwingia kama mwiba. Aliapa moyoni kwamba hatafumba tena jicho mbele ya wanawake wale.

Wiki iliyofuata aliletwa mgonjwa wa thelathini na moja. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa makamo, ambaye figo lake moja lilitolewa zamani. Alibaki na lile lile moja, na sasa nalo lilikuwa na uvimbe. Kwa watu kama yeye ndiyo utafiti ule ulianzishwa. Siku hiyo meza iligeuzwa kwa sababu figo lilikuwa upande mwingine, na kisahani kikawa kulia kwa Barafu, pale pale panapogawanyika. Aliona mishale miwili. Mmoja ulikuwa kwenye ishirini, mwingine kwenye ishirini na sita. Sista alikuwa anamtazama, macho yanacheka. Daktari akauliza, "Ngapi?"

"Ishirini," alisema Barafu. "Ishirini. Ishirini."

Barafu iliondolewa. Sista alipogeuka kuchukua pamba, ndipo akafumba jicho. Mshale ulikuwa kwenye ishirini na sita. Mdomo ulifunguka ndani ya barakoa, lakini kisu kilikuwa tayari kimeshaingia, na maneno hayakutoka. Aliandika ishirini. Akatia sahihi.

Hayo yote Mama Mapacha aliyasikia wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, mumewe akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, sahani ya chakula haijaguswa.

"Figo la yule mama halikuamka," alisema. "Leo wamemwambia atakuwa mtu wa mashine ya kusafisha damu maisha yake yote. Wamemwambia mwili wake umekataa."

"Na wewe umemwambia nani?"

"Wewe."

Mama Mapacha alizima cherehani. Alitaka kumkumbatia, na alitaka kumpiga kibao. Alifanya lile la tatu: alimwambia wapige magoti. Waliomba pale pale kati ya vipande vya vitambaa, na waliposimama alisema, "Sasa kesho nenda kwa Daktari. Mungu tumeshamwambia, na yeye alikuwa anajua. Daktari hajui."

Barafu alikwenda. Alirudi mapema kuliko kawaida.

"Amesemaje?"

"Amefunga mlango kwanza. Halafu akasema, 'Barafu, miaka saba, wagonjwa thelathini na mmoja. Nikimtoa mmoja wataniuliza kuhusu wote uliowasoma.' Nikamwambia Daktari, mimi naomba moja tu, ile namba ya thelathini na moja ifutwe, asije daktari mwingine huko akaisoma akadhani ishirini ndiyo imeliua figo. Akasema, 'Nitalishughulikia.'"

"Atalishughulikia lini?"

"Sikumuuliza. Amenihamishia kwenye mashuka. Kuhesabu yanayokwenda kufuliwa." Akavua viatu. "Ila amenipeleka kwa daktari wa macho."

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye furaha. Mama Mapacha aliingia pamoja na mumewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki, na akaiona furaha hiyo kwa macho yake. Picha za kichwa zilionyesha uvimbe mkubwa kama kokwa la tende, nyuma ya jicho, ulioota kwenye ganda la mshipa wa fahamu.

"Habari njema, mzee wangu. Si saratani. Ni uvimbe mpole, hausambai, unakua taratibu. Na ni adimu sana. Mimi nilikuwa nimeuona vitabuni tu!"

"Basi utoeni," alisema Mama Mapacha.

"Tutautoa, mama, wala usiwe na wasiwasi. Lakini hauna haraka. Mwezi wa nane tuna mkutano wa mabingwa wa macho, watakuja wageni wanaojua kazi hii. Tutaufanya siku hiyo, nao wakitazama kwenye skrini. Mzee atapata mikono bora kabisa."

"Huu ni mwezi wa tatu."

"Mama, ni mpole."

"Mpole kwa nani?" aliuliza. Kijana akacheka, akidhani ni utani.

Barafu alitia sahihi karatasi zote, pamoja na ile ya picha kwa ajili ya elimu. Miaka yote ile alikuwa amesimama upande wa pili wa karatasi kama hizo, na aliona aibu kukataa. Wakangoja. Mwezi wa tano aliacha kuona rangi nyekundu kwa jicho lile. Mwezi wa sita aliona kama mtu aliyevaa shela. Mama Mapacha alikwenda kliniki mara mbili kuuliza, na mara zote mbili aliambiwa tarehe haijabadilika, kama vile hilo ndilo alilokuwa ana wasiwasi nalo. Nyumbani alikuwa anamwomba Mungu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.

Siku ya mkutano uvimbe ulitoka mzima, mviringo, bila kupasuka, na ukumbi uliokuwa ukitazama ulipiga makofi. Jambo hilo Sista mkuu ndiye aliyemwambia Mama Mapacha koridoni, huku analia. Bandeji ilipofunguliwa, jicho lilikuwa limerudi mahali pake, limekaa vizuri kabisa, na halikuona kitu. Mshipa wa kuona ulikuwa umekandamizwa muda mrefu mno, na mikono ya upasuaji ikaumalizia.

Barafu aliuliza swali moja. "Daktari, huo mshipa mliupoza?"

"Kuupoza?"

"Kwa barafu. Kama figo. Ili ulale."

Kijana alimtazama kwa huruma. "Mzee, hakuna utafiti juu ya hilo."

Njiani kurudi nyumbani, akiwa ameshika mkono wa mkewe, Barafu alilirudia neno hilo kwa sauti ndogo. Hakuna utafiti. Alikuwa amelinda figo za watu thelathini kwa chupa za friji yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata makala mbili zilibandikwa kwenye ubao wa hospitali, ukutani karibu na lifti. Ya kwanza ilikuwa ya uvimbe adimu. Uso wa Barafu ulikuwa pale, kabla na baada, na kwa kuwa jicho ndilo lililokuwa habari yenyewe, hawakuliziba. Waliopita walimtazama pichani, wakamtazama yeye na toroli lake la mashuka, wakampa pole. Ya pili ilikuwa ya figo. Waandishi walikuwa kumi na mmoja, na yeye hakuwemo, hilo hakulijali. Alimwomba pacha mkubwa ampigie picha kurasa zote kwa simu, na jioni wakaziangalia pamoja kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Kuna jedwali, Baba. Wagonjwa arobaini."

"Nenda thelathini na moja."

Binti alisogeza kidole. "Thelathini na moja. Ishirini. Figo halikufanya kazi."

"Soma tena."

"Ishirini, Baba."

Barafu aliinuka, akaleta daftari lake la jalada gumu kutoka juu ya kabati. Karani alikuwa amelinakili kila siku lakini halikuwahi kuombwa. Alifungua ukurasa, akachukua rula ya mkewe na kalamu, akapiga mstari, akaandika pembeni *26*, tarehe, na sahihi. Mama Mapacha aliona kwamba mstari umepita chini ya namba, haukuikata. Jicho moja halipimi vizuri. Hakumsahihisha.

Jumanne walikwenda wote wawili kwenye wodi ya kusafisha damu. Mpishi wa shule alikuwa kwenye kiti cha tatu, mkono umefungwa mirija miwili iliyojaa damu, kilemba kimefungwa vizuri kama mtu anayetarajia wageni.

"Shikamoo, dada," alisema Mama Mapacha, kwa maana mpishi alikuwa mkubwa kwake kidogo.

"Marahaba. Nyie ni wa kanisa gani, au msikiti gani? Maana kila Jumanne wanakuja wa kuniombea, na kila Jumanne mashine ipo pale pale."

"Si wa kuomba," alisema Barafu. "Mimi ndiye niliyesema ishirini."

Akamweleza yote, tangu tundu la sindano mpaka mstari wa rula. Alimweleza hata utani wa Sista, na namna namba inavyotajwa mara tatu. Mpishi hakumkatiza. Mashine ilikuwa inazunguka taratibu kama inayosaga.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "mimi mwaka mzima nauchukia mwili wangu bure."

"Ndiyo, dada."

"Na uliona ishirini na sita, ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Kwa sababu ya kukonyeza." Alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha ndani yake. "Mimi napika chakula cha watoto mia tatu. Nikitia chumvi mara mbili nasema, nimetia chumvi mara mbili. Watoto wananizomea, basi. Wewe mwanamume mzima ulishindwa kuzomewa?"

Barafu aliinamisha kichwa.

"Sikusamehi leo," alisema mpishi. "Usinisukume. Lakini hilo daftari nalitaka. Waliniambia mwili umekataa. Nataka karatasi inayosema mwili haukukataa. Nataka niwapelekee."

"Nitakuletea Alhamisi."

"Watu wa hospitali na ahadi zao! Haya, tutaona hiyo Alhamisi."

Alhamisi alitoka peke yake, kwa sababu Mama Mapacha alikuwa na gauni la harusi la kumaliza. Daftari alilitia kwenye mfuko wa kitambaa alioshonewa na mkewe, akauvaa begani. Mbele ya lango la hospitali alivuka barabara. Alitazama kushoto, akaona ni salama. Pikipiki ilitokea kulia.

Cheti cha kifo kiliandika ajali ya barabarani. Hakikutaja jicho. Mfuko ulirudishwa na polisi, kamba imekatika, daftari zima.

Siku ya tano ya msiba, mchana, viti vikiwa bado vimepangwa uani, Daktari bingwa wa figo alikuja na maua. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Macho yalikuwa mekundu. Akasema Barafu alikuwa mkono wake wa kulia. Akakaa. Akanywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama, kuna lile daftari lake la kazi. Lina habari za wagonjwa, ni mali ya hospitali. Ningeomba nilichukue leo, lisije likapotea kwenye shughuli hizi."

Daftari lilikuwa chini ya godoro, hatua saba kutoka pale alipokaa. Mama Mapacha alikuwa mwanamke ambaye hakuwa amesema uongo tangu alipokuwa msichana, na alipousema ule, hata sauti haikutetemeka.

"Halipo hapa, Daktari. Lipo kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mgonjwa wako wa thelathini na moja."

Daktari alikisukuma kikombe mbali. Kisha alisimama, akampa tena pole, akaondoka. Maua aliyaacha juu ya cherehani, yakalowesha kitambaa cha watu.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumanne. Mama Mapacha alipiga magoti alfajiri, akamwambia Mungu kwamba amedanganya, na kwamba anakwenda sasa hivi kuufanya uongo ule kuwa kweli, na kama Yeye ana neno juu ya hilo, basi na Yeye aliseme, maana muda wote huu alikuwa kimya. Akavaa nguo za msiba, akatoka.

Mpishi alikuwa kwenye kiti kile kile. Alimwona kwa mbali, akaanza kabla hajafika.

"Ahaa! Leo umemtanguliza mke? Alhamisi nzima nimetazama mlango ule mpaka shingo ikauma. Nikasema, si nilijua! Nimemtukana huyo mume wako matusi ambayo hata jikoni hatuyatumii."

Mama Mapacha aliketi kwenye kiti cha plastiki. "Alikuwa anakuja, dada. Alikuwa na daftari begani. Aligongwa hapo langoni."

Mpishi alizitazama nguo zake kwa mara ya kwanza. Mkono ule usio na mirija ulipanda mdomoni, ukabaki hapo. Mashine iliendelea kusaga. Kisha alisema, kwa sauti isiyo yake, "Mimi nilikuwa namtukana."

"Hukujua."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Nilikuwa namtukana saa nne."

Mama Mapacha alitoa daftari kwenye mfuko wenye kamba iliyokatika, akafungua ukurasa, akauweka mapajani pa yule mwanamke. Mpishi aliuinamia, akakunja uso.

"Miwani yangu nimeiacha nyumbani. Nisomee wewe."

Mama Mapacha naye macho yake ya karibu hayakuwa mazuri. Alilisogeza daftari mbali kidogo, kwenye mwanga wa dirisha, mpaka wino ukatulia. Akakumbuka jinsi namba inavyotajwa. Wagonjwa wa viti vingine waligeuka, nesi akasimama na trei mkononi, kwa sababu alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayetaka pasiwe na wa kusema hakusikia.

"Ishirini na sita," alisema. "Ishirini na sita. Ishirini na sita."